Domaine Isiyoaminiwa

Funguo za chumba cha mashini nimezirudisha, lakini kila asubuhi mkono wangu bado unazitafuta mfukoni. Ninyi mliobaki kazini mliniomba niandike ninayoyajua kabla hayajanitoka. Nitaandika yaliyotokea tu. Vyeo vyangu havitoshi kujaza ukurasa, na mshahara wangu mnaujua, maana ni uleule wenu. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Mkikuta kosa la kuandika, basi ni langu, msiilaumu kompyuta.

Nilianza na foni, redio ya kupashana habari kati ya vituo. Ninyi mnaijua kama lile sanduku la kijani lililo stoo, linalowekewa ndoo juu yake. Wakati ule hapakuwa na simu kati ya Masisi na Walikale. Sauti ilipita hewani, kwa waya uliofungwa kati ya miti miwili ya mikaratusi. Siku yangu ya kwanza nilikalishwa mbele ya lile sanduku nikaambiwa nisikilize tu, nisiguse kitu. Nilisikiliza asubuhi nzima watu wakiulizana kama mvua imenyesha, kama wageni wamekula, kama kumekauka. Nikadhani nimeingia kazi ya kilimo. Jioni nikaelezwa kwamba mvua ni risasi, wageni ni watu wenye silaha, na kumekauka maana yake njia inapitika. Kila aliyesema kwenye foni alijua kuna sikio jingine linalosikiliza, na hakuna aliyejua ni la nani. Ndiyo maana watu wa foni tuliitwa wenye mioyo migumu. Hatukuwa na mioyo migumu. Tulizoea kusikia neno moja na kuelewa lingine, na mazoea hayo hayamtoki mtu hata akiacha kazi. Hadi leo mtu akiniambia ana wageni nyumbani, natazama kwanza mlango.

Aliyenifundisha ni Papa Muhindo, fundi kutoka upande wa Butembo. Kabla ya kuja kwetu alikuwa na kibanda Rubaya, akitengeneza redio za wachimbaji na za wabeba mizigo waliotaka wimbo uwasindikize wakipanda mlima. Bisibisi yake ilikuwa na mpini uliofungwa mpira wa tairi la ndani, ili umeme usimtafute. Alikuwa na mswaki wa zamani wa kusafishia vumbi, na kipimio cha umeme alichokiweka ndani ya soksi. Sanduku lake hakumwachia mtu, hata padri.

Aliishuku dunia yote, lakini kwa utaratibu. Tukienda kwenye kituo ambako foni imekufa, watu walitupokea kwa maneno: fulani aliigusa, fulani alionekana karibu na antene, fulani ndugu zake wako upande ule mwingine. Papa Muhindo aliwasikiliza wote, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mashini iko na sababu, muntu iko na siri. Anza kwenye iko sababu." Mara nyingi sababu ilikuwa panya. Na kuhusu betri alikuwa na sheria moja: "Mutu akikuambia betri imejaa, umushukuru. Halafu upime." Hiyo ndiyo sheria pekee ya kazi ninayoweza kuwaachia bila kuongeza kitu.

Kazi ya ofisi yetu mnaijua: kuwatafutia watu ndugu zao waliopotezana wakati wa kukimbia, hasa watoto. Zamani kila mtoto alikuwa na karatasi yake na picha yake, ndani ya kabati la mbao. Kisha tukakimbia wenyewe. Tuliporudi, kabati lilikuwa limesimama, limefagiwa safi. Karatasi zilikuwa zimewasha moto wa jikoni. Hatukujua wa kumlaumu, na Masisi kuna baridi.

Mama Léontine, mkuu wetu, ndiye aliyeamua kwamba majina yote yatakaa ndani ya mashini. Hakutaka yakae kwa watu wa mbali wanaokodisha nafasi, watu ambao hakuwajua wala kuwaona. Alitaka mashini yetu wenyewe, chini ya kufuli yetu. Akaja mhandisi kutoka Goma, Dada Espérance, na mashini ndogo isiyozidi Biblia. Alieleza kwamba programu ya kutunza mafaili itaishi ndani ya kontena. Mlinzi wetu wa lango, mzee Kabuyaya, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo kontena itapita wapi, maana lango letu hata gari dogo linapita kwa kukunja vioo. Espérance hakucheka. Alimwambia kwamba ni kontena ya maneno tu: programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, kama mtu anayesafiri na jiko lake na maji yake, asimwombe mwenye nyumba kitu. Mafaili yenyewe yanakaa nje ya kontena, kwenye folda yao, ili siku kontena ikivunjwa yasivunjike nayo. Kabuyaya akasema amefahamu. Kesho yake nilimkuta bado anapima lango kwa hatua.

Programu hiyo tukaiita Kabati. Ukitaka kuingia, uliandika jina la kabati kwenye kompyuta yako, nayo ikakufungulia. Huko Walikale alikuwako mwenzetu mmoja, Bahati. Nilimjua kwa sauti miaka mingi kabla ya kumwona. Kwenye foni alikuwa na desturi ya kucheka kwanza, halafu ndipo aseme. Kwa hiyo nilijua ni yeye kabla hajataja kituo chake. Alipopata kompyuta na sahani ya setilaiti, yeye ndiye aliyetuma picha nyingi kuliko sisi wote, kwa sababu waliokimbilia msituni walitokea kwake.

Vita viliposogea tena, Mama Léontine akaamuru mashini itoke ofisini. Tuliibeba ndani ya kikapu cha maharage hadi nyumba nyingine, upande wa pili wa kilima. Kule palikuwa na sahani nyingine na kisanduku kingine cha mtandao, kwa hiyo mashini ilipata anwani mpya ya namba. Sisi wa Masisi hatukuona tofauti, tuliendelea kuingia kwa jina lilelile. Jina hilo halikufika Walikale, kwa hiyo Bahati ilibidi aingie kwa namba kama zamani, nami nikamsomea namba mpya kwa simu, akairudia bila kosa.

Asubuhi iliyofuata akapiga. Safari hii hakucheka kwanza.

"Papa Foni," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, "mashini yenu imetukatala. Iko inaandika domaine non approuvé. Domaine yenye haiaminiwe."

Nikamwuliza kama ameandika namba vizuri.

"Namba iko sawa. Minauliza ju ya domaine. Domaine iko kwenu Masisi, na mang'ombe ndani. Siye huku tuko na pori tu. Munatukatala ju ya domaine gani?"

Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu domaine ni shamba kubwa la mifugo, lenye mwenyewe na uzio na walinzi, na kwamba ugomvi wa mashamba hayo umezika watu wengi. Mtu wa Walikale akisoma kwenye kompyuta ya Masisi kwamba domaine haiaminiwi, hafikirii kompyuta. Anafikiri kuna mkutano umefanyika bila yeye. Bahati alikuwa ameshawaonyesha watu wa ofisi yake yale maneno, nao walikuwa wameshaanza kuhesabu nani wa Masisi angeweza kuyaandika. Nilimwambia anipe muda. Akasema, "Muda tuko nao," kwa namna ambayo sikuipenda.

Kumbe upande wetu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mashini huandika kila anayebisha hodi kwenye mlango wake, na Mama Léontine alikuwa na desturi ya kusoma maandishi hayo kila asubuhi, kama wengine wanavyosoma sala. Nilimkuta ameyafungua. Mstari baada ya mstari: kutoka Walikale, jaribio la kuingia, hôte inconnu. Kutoka Walikale, jaribio la kuingia, hôte inconnu. Ukurasa mzima.

Hôte kwa Kifaransa ni mgeni. Mgeni asiyejulikana, Walikale, anajaribu mlango tena na tena. Nanyi mmeshasoma hapo juu mgeni ni nani katika lugha ya foni. Mama Léontine alikuwa ameketi mbele ya foni kabla yangu.

Hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba kuna watu wameketi kwenye meza ya Bahati. Ama wamemshika, ama amewakaribisha, na kwa upande wa majina yaliyomo ndani ya Kabati, yote mawili ni sawa. Aliyasema akikunja na kukunjua ukingo wa kitenge chake. Ndani ya Kabati mlikuwa na watoto ambao baba zao walitafutwa na watu wenye bunduki. Mtu akipata picha ya mtoto na jina la kijiji alichofikia, amempata baba. Mwanamke yule hakuwa mkali bure.

Alikuwa ameshaamua. Bahati aletwe Masisi kesho yake, kwa pikipiki, pamoja na kompyuta na funguo za ofisi, ajieleze mbele ya kamati. Ujumbe ulikuwa umeshatumwa kwa mwenye pikipiki.

Barabara ile naijua. Inatoka msituni, inapita vizuizi ambavyo kila kimoja kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana swali lake. Mtu anayebeba kompyuta ya ofisi iliyojaa majina, ambaye ofisi yake yenyewe haimwamini, atawajibu nini wale? Mdogo wangu alipita barabara hiyo akiwa na gunia la chumvi tu. Faili yake imo ndani ya Kabati. Niliifungua mwenyewe, na mpaka naandika haya haijafungwa.

Sikumtetea Bahati, kwa sababu sikuwa na kitu cha kupima. Niliomba tu niiangalie mashini kabla ya jioni. Mama Léontine akasema niangalie, lakini yeye atasimama nyuma yangu. Nilielewa kwamba na mimi nimo.

Basi hapa ndipo penye kazi, na wadogo zangu msome polepole.

Ile programu ina orodha ya majina ambayo yenyewe inakubali kuitwa. Mtu akija na kuiita kwa jina lililomo, inamfungulia ukurasa wa nywila. Akiiita kwa jina lisilomo, inakataa hata kabla ya kumwuliza yeye ni nani. Hilo jina ndilo wanaloliita domaine. Na hôte pia ni hilohilo, maana neno hôte kwa Kifaransa ni mgeni na ni mwenyeji vilevile, na kwa mafundi ni jina la mashini inayobishiwa. Asiyejulikana hakuwa aliyebisha. Lilikuwa ni jina aliloliita. Bahati aliita namba mpya niliyompa mimi, na mashini haikujua kwamba namba hiyo ni yake.

Hilo nililishuku mapema. Nilifungua faili ya maagizo, ile ambayo Espérance aliiandika siku ya kwanza ili kuijenga kontena, nikaikuta orodha, na ndani yake namba ya zamani. Nikaongeza mpya. Nikazima kontena, nikaiwasha. Nikampigia Bahati ajaribu. Domaine haiaminiwi.

Nikakumbuka kwamba kuzima na kuwasha hakutoshi, kontena huamka na maagizo iliyolala nayo. Nikaivunja nikaijenga upya. Mafaili yalikuwa nje, salama, kama tulivyoambiwa. Hata hivyo niliisoma amri mara mbili kabla ya kubonyeza. Bahati akajaribu. Domaine haiaminiwi.

Mama Léontine akasema nyuma ya sikio langu, "Umefungua mulango. Ao ni yeye hataki kuingia?"

Nakiri kwamba kwa kitambo nilifikiri hivyohivyo. Nikafikiri pia kwamba pengine kuna mtu anarudisha faili nyuma yangu, nikatazama saa ambayo faili ilibadilishwa mara ya mwisho. Ilikuwa ni saa niliyoibadilisha mimi. Nikatazama waya. Nikamtazama hata mzee Kabuyaya, aliyekuwa mlangoni akila hindi la kuchoma. Ndivyo ilivyokuwa miaka ile, shaka ikikosa pa kukaa, inakaa kwa aliye karibu.

Nikampigia Espérance huko Goma. Nilimwambia nimeiagiza mara mbili na haisikii. Akaniuliza kama nimeiuliza.

"Kuiagiza ni kitu moja, Papa," alisema. "Ingia ndani ya kontena, uiulize inajua majina gani. Ile karatasi ya nje inaisomaka siku ya kuzaliwa tu."

Ni kama nilisikia soksi ya Papa Muhindo ikifunguliwa. Betri nilikuwa nimeambiwa imejaa, na sikuipima.

Maana yake ni hii. Siku ya kwanza kabisa programu husoma maagizo ya nje, kisha inayanakili kwenye faili yake ya mipangilio, ndani kabisa, kwenye folda ile isiyovunjika. Tangu siku hiyo inasikiliza faili yake tu. Ni kama mtoto aliyebatizwa. Unaweza kwenda parokiani ukafuta jina kwenye kitabu ukaandika jingine, lakini ukimwita uwanjani kwa hilo jipya hageuki. Na kwa kuwa mipangilio inakaa pamoja na mafaili, hata nikivunja kontena mara ishirini, inaamka na jina lake la ubatizo.

Espérance akanisomea amri kwa simu, herufi moja moja. Niliingia ndani nikaiuliza. Ikanijibu kwa mistari miwili: kabati, na namba ya zamani. Hayo tu ndiyo iliyoyajua duniani. Nikaongeza mstari wa tatu. Nikaiuliza tena, ikajibu mistari mitatu. Haikuhitaji hata kuzimwa.

Sikumpigia Bahati. Kompyuta yake ilikuwa na mafaili yaliyokuwa yakisubiri tangu jana, yenyewe hujaribu kila kitambo. Tukaketi. Kisha picha zikaanza kupanda. Mtoto kutoka Muheto, ameshika kibao chenye namba yake kichwa chini. Ndugu wawili kutoka Burungu, mkubwa amemfunika mdogo macho kwa sababu ya jua. Msichana aliyevaa gauni lililoshonwa kwa pazia. Zikaja moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na maelezo ya Bahati chini yake, kwa desturi yake ya kuandika kila kitu, hata rangi ya kamba iliyofunga sufuria ya mtoto.

Nikamgeukia Mama Léontine. Alikuwa hajalainika. Alisema picha zinaweza kutumwa na mtu mwenye bunduki shingoni. Kwa kweli zinaweza. Nikampigia Bahati, nikafungua spika, nikampa simu.

Hakumsalimu Bahati. Aliuliza, kama tulivyouliza zamani kwenye foni, "Huko mvua je?"

Miaka ilikuwa imepita tangu mtu aulize hivyo. Nilihofia kwamba kijana amesahau, au atajibu habari ya mawingu.

"Kumekauka, Mama," alisema Bahati.

"Na wageni? Wamekula?"

"Hakuna hata sufuria ju ya moto. Iko kuku ya jirani tu, imepanda ju ya meza. Niifukuze?"

Mama Léontine aliisogeza simu karibu. Mkono wake mwingine uliacha kitenge.

"Ubakie," alisema. "Kesho usikuje. Ubakie na kazi yako."

Wanaomjua wanajua kwamba zaidi ya hapo hasemi. Akanirudishia simu akatoka nje, nikamsikia akimtuma Kabuyaya amkimbilie mwenye pikipiki.

Nikamweleza Bahati habari ya domaine na ya hôte, na kwamba hakukuwa na mkutano wowote. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Sasa mashini inaniamini. Na nyinyi?"

Nilikuwa na jibu zuri la kumpa, lakini halikuwa la kweli. Nikamwambia, "Mashini haimwamini mutu, Bahati. Inaamini anwani. Sisi tulikupima." Akasema, "Aya, Papa Foni." Ilichukua muda mrefu kabla ya kicheko chake kurudi kutangulia maneno yake. Lakini kilirudi.

Mnajua yaliyofuata. Vita vilipofika upande wake, Bahati alikimbilia msituni na wale aliokuwa akiwapiga picha. Homa ikampata kule, dawa haikumpata. Habari tuliletewa na mama mmoja aliyekuja kumtafuta mwanawe. Alitaja kwanza jina la mwanawe, tukamwandika, kisha akasema habari ya Bahati. Ofisi ya Walikale ilifungwa na haijafunguliwa tena. Mama Léontine mwenyewe ndiye aliyemfungulia Bahati faili, ingawa hakuna aliyekuwa akimtafuta, sote tukijua amezikwa kule. Hakueleza, wala mimi sikumwuliza.

Sasa neno la kazi. Tuliporudisha mashini ofisini, tuliirudishia namba yake ya zamani, ndiyo inayotumika. Kwa hiyo mkiingia ndani ya kontena na kuiuliza Kabati inakubali majina gani, itawajibu mistari mitatu. Wa kwanza ni wenu. Wa pili ni wa mashini ilipo leo. Wa tatu ni namba ile niliyomsomea Bahati kwa simu, na hakuna mwingine aliyewahi kubisha kwa namba hiyo.

Kwa sheria ya kazi mstari huo uondolewe. Jina lisilo na mtu ni mlango ulioachwa na komeo wazi, na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Kila mwaka nilipofanya usafi wa mashini niliufikia, nikausoma, nikapita. Nimeondoka bila kuufuta. Amri mwombeni Dada Espérance. Mkishaufuta, iulizeni tena mashini, mhakikishe.